Kero Yako Imepokelewa

Redio ya ofisini kwangu, kibanda cha cherehani hapa Ilomba, jijini Mbeya, ile nobu ya kutafutia stesheni iling'oka zamani. Imegandia stesheni moja, na stesheni hiyo kila siku ya kazi saa moja asubuhi ina kipindi cha kero za jiji. Kwa hiyo nashona nasikiliza, presha inapanda, nashona tena. Ukiona sketi ya Ilomba mshono umepinda ghafla kwenye nyonga, usinilaumu. Hapo ndipo mgeni wa studio alipokuwa anajibu swali.

Kinachoniua zaidi ni wapiga simu. Sisi watu wa nyanda za juu tumelelewa kusalimia, na hatujui kusalimia kwa kubana matumizi. Mzee wa Igawilo laini ikimpata tu: habari za asubuhi mtangazaji, habari za mgeni wetu, habari za fundi mitambo, nawasalimu wote wa Tukuyu, Kyela, Chunya, na shemeji yangu yuko Makambako kama matangazo yanafika. Ndaga fijo, yaani asanteni sana. Mtangazaji anamwambia, "Mzee wangu, punguza kwanza sauti ya redio yako." Mzee anakwenda kupunguza. Jiji zima tunasikia ndala zikiburuzwa, mlango ukilia, kuku akifukuzwa kwa matusi mepesi. Anarudi. "Haloo? Sasa kero yangu mimi ni hii barabara yetu ya..." Tii, tii, tii. Vocha ya jero yote imeliwa na shemeji wa Makambako.

Yuko na mwingine ambaye mada iwe maji, iwe mbwa wazururaji, lazima aifikishe kwenye moto wa soko la Mwanjelwa wa 2006. Huyo simlaumu sana. Aliyeunguliwa na mtaji ana haki ya kuanzia anapotaka.

Sasa mgeni. Mgeni ni afisa. Siitaji ofisi yake, maana hata yeye akibanwa huikana. Mtaa wetu ulimwagiwa kifusi, kikashindiliwa, tukapiga makofi. Hatujamaliza makofi, wakaja wengine wakakichimbua katikati kupitisha bomba, wakafukia kwa kurudishia udongo na koleo, wakaondoka. Masika, tope. Kiangazi ndiyo usiseme: mashati meupe ya wanafunzi naning'iniza mlangoni, lori likipita tu yamekuwa sare ya shule nyingine. Nikatuma ujumbe studio. Ukasomwa! Afisa akasema barabara hiyo si ya kwao. Wiki iliyofuata akaja wa ofisi ya pili, akakubali barabara ni yao, ila shimo si lao. Wa tatu akasema shimo ni lao kabisa, lakini lilikuwa shimo la muda. Nilisimamisha cherehani nikalitafakari hilo. La muda! Kuna bata wanaogelea mle.

Wakigusa barabara kuu ndiyo simu zinafurika. Upanuzi wa njia nne, Nsalaga mpaka Ifisi, kilometa 29, kila mtu ana digrii yake. Dereva wa daladala anawalaumu bajaji, wa bajaji anawalaumu malori, na malori hayapigi simu, yanapita tu kwenda Tunduma na zaidi, katikati ya watoto wa shule na mama anayechoma mahindi. Sensa ya 2022 ilitukuta jijini watu zaidi ya laki tano. Kwa hesabu yangu ya macho, saa mbili asubuhi wote tunakuwa Mafiati, na kila mmoja anapiga honi.

Lakini siku ya lumbesa sikushona kabisa. Lile jambo linanigusa kitaaluma. Umeliona gunia la viazi vya Isyonje likiwa limefungwa lumbesa? Gunia lenyewe limejaa hadi mdomoni. Halafu juu yake viazi vimepangwa kimoja kimoja, duara kwa duara, na kamba zimefumwa kuvizunguka kama wavu wa goli, mpaka gunia limeota kichwa na mabega. Fundi aliyefunga pale ana mkono kuliko mimi. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria inataka mzigo upimwe kwa kilo, redioni kila mtu anasema lumbesa ni marufuku, mkulima anasema, dalali anasema, afisa anasema kwa ukali kupita wote. Akapiga mama mmoja wa sokoni, bila salamu, nikajua huyu ana biashara ya kufanya: "Mizani iko wapi?" Studio kimya. Hata fundi mitambo alisahau kuweka muziki. Kisha afisa akakohoa, akasema elimu kwa umma inaendelea kutolewa. Likaingia tangazo la mabati.

Ubaya wa kipindi hiki ni kwamba majibu yake yanaambukiza. Namuuliza mke wangu chai, ananiambia kuni za kuichemshia zipo kwenye bajeti ya Julai. Mwanangu wa darasa la sita nimemuuliza kwa nini kapata thelathini ya hisabati, kanijibu changamoto hiyo anaifahamu na ameanza kuifanyia kazi. Mwenye nyumba ndiye pekee asiyesikiliza redio. Yeye akija tarehe moja anataka hela tu, hana mchakato.

Juzi kipindi kinaendelea, nakata kitambaa, nasikia sauti ya mama ninayoifahamu. Analalamika kwamba kuna fundi Ilomba amekaa na sketi yake ya vitenge tangu kabla ya Pasaka, harusi aliyoishonea imepita, bwana harusi na bibi harusi wameshagombana na kupatana. Mtangazaji akapandisha mori. "Fundi huyo tunaye kwenye simu?" Simu yangu mezani ikaanza kutetemeka juu ya chaki.

Nikapokea. Nikawasalimu wote, wa Uyole, wa Mbalizi. Nikasema kero ya mama tumeipokea kwa uzito mkubwa, sketi ipo kwenye hatua za mwisho, kilichotuchelewesha ni vifungo vinavyotoka Dar es Salaam, na mama aendelee kuwa na subira. Mtangazaji akanishukuru sana kwa ushirikiano. Akasema laiti viongozi wote wangekuwa wanapokea simu hivi.

Nikakata simu. Mke wangu kasimama mlangoni na birika.

"Vifungo vya nini? Sketi ile si ya zipu?"