Kabla ya kufupisha leva ya gia, ingia kwanza chini ya gari

Mwaka jana nilikuwa nateremka mlima Kitonga nikitokea Iringa, mbele yangu lori la semi limebeba mbao na linatambaa. Nikapangua gia kutoka namba tatu kwenda mbili. Leva iliingia. Niliisikia kabisa mkononi, tak, fupi na kavu kama kufuli linalofungwa. Nikaachia klachi, injini ikalishika gari kwa muda mfupi, kisha leva ikachomoka yenyewe na gari likawa fri katikati ya mteremko. Breki zilikuwa nzima, nikalizuia, nikairudisha gia na kuishikilia kwa mkono mpaka chini. Mke wangu hakusema neno hadi tuliposimama Ruaha Mbuyuni kununua maji.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza ya gia tano za mkono. Wiki mbili kabla ya safari hiyo nilikuwa nimelifungia kile ambacho vijana wa magari wanakiita shoti shifta, yaani leva ya gia iliyotengenezwa ili mkono wa dereva usogee kidogo kuliko inavyosogea leva ya kiwandani. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi kama kifaa hiki kinafaa. Nimefikia msimamo huu: shifta fupi ni kitu kizuri kwenye gari zima, na ni kitu cha hatari kwenye gari ambalo gia zake zimelegea, kwa sababu inauficha ulegevu huo bila kuuondoa. Na magari mengi ya gia za mkono tunayoendesha huku yamefika yakiwa yametumika miaka mingi. Ulegevu ni kitu cha kawaida ndani yake.

Tuanze na hesabu, maana ubishi mwingi kuhusu jambo hili unaisha ukishaielewa leva. Leva ya gia ni wenzo. Ina sehemu ya juu unayoishika, ina kitovu inapozungukia, na ina sehemu ya chini inayosukuma chuma kinachoelekea kwenye gia boksi. Chukua mfano rahisi: juu ya kitovu kuna sentimita 20, chini yake kuna 4. Mkono wako ukisogea sentimita 10, ncha ya chini inasogea 2. Sasa weka leva ambayo sehemu yake ya chini ina sentimita 5 badala ya 4. Ili ncha isogee zile zile 2, mkono unasogea 8 tu. Umepunguza mwendo kwa asilimia 20. Lakini wenzo hautoi kitu bure. Kama mwanzo ulisukuma kwa nguvu ya kilo 2, sasa utasukuma kwa kilo 2 na nusu. Mwendo umepungua kwa moja ya tano, nguvu imeongezeka kwa moja ya nne. Shifta zinazopunguza mwendo kwa asilimia 30 au 40 zinadai nguvu zaidi ya hapo.

Sasa ingiza ulegevu katika hesabu hiyo hiyo. Tuseme bushi, vile vipete vinavyokaa kwenye viungo ili visichezecheze, zimekwisha na kule chini kuna nafasi ya milimita 3 ambamo chuma kinachezacheza bila kusukuma chochote. Kwa leva ya zamani, milimita hizo 3 unazisikia juu kama 15. Leva inayumba, inakera, na kila anayepanda gari lako anasema gia zimechoka. Ukifunga leva fupi, zile 15 zinakuwa 12. Mkono unasema mambo yamekuwa mazuri. Lakini 15 ilikuwa asilimia 15 ya mwendo wa sentimita 10, na 12 ni asilimia 15 ile ile ya mwendo wa sentimita 8. Kule chini, gia boksi bado inapungukiwa milimita 3 zile zile. Gia ambayo ilikuwa haiingii hadi mwisho bado haiingii hadi mwisho. Kilichobadilika ni kwamba mkono, ambao ndio uliokuwa ukikuonya, hauonyi tena kama zamani. Hilo ndilo lililonikuta Kitonga.

Niliporudi Dar es Salaam nilimwomba fundi alinyanyue gari niingie chini naye. Kwenye Impreza hizi leva haikai juu ya gia boksi moja kwa moja. Kuna fito mbili zinazotoka kwenye leva kwenda mbele: moja inapeleka mwendo wa mkono, nyingine inaishikilia leva ili isikimbie. Kila kiungo kina bushi. Fundi akaushika ufito wa kwanza kwa vidole viwili tu, akautikisa, nao ukacheza kushoto na kulia huku chuma kinachoingia kwenye gia boksi kimetulia kimya. Alipougonga msumari wa kiungo ukatoka, na bushi ikatoka nayo vipande vipande, nyeusi, inasagika kati ya vidole kama chicha za kahawa zilizokauka. Tundu lililopaswa kuwa duara lilikuwa limeshaanza kuwa yai. Bushi ya nyuma ilikuwa ya mpira, nayo imepasuka nusu mzunguko, ukiibonyeza inafunguka kama mdomo.

Tukabadilisha bushi zote, kiungo kile, na mpira unaobeba gia boksi. Siku ya kwanza kuendesha niliirudisha leva ya kiwandani kwa makusudi, ili nijue kipi kimefanya nini. Na nasema bila kusita: leva ndefu yenye bushi mpya ilikuwa nzuri kuliko leva fupi yenye bushi mbovu, kwa mbali. Gia namba tatu, ambayo nilikuwa naitafuta kama mtu anayetafuta swichi gizani, ilikuwa pale pale kila mara.

Hata hivyo nisiwaonee wanaoipenda shifta fupi, maana wana hoja, na mimi mwenyewe leo ninayo tena kwenye gari. Kuendesha gari la gia za mkono ni kazi ya mkono, na kazi ya mkono ina raha yake. Kuna utamu wa kweli katika gia inayoingia kwa mwendo mfupi na kusimama mahali pake. Mazda walilielewa hili walipoizindua MX-5, gari lao dogo la michezo la viti viwili, huko Chicago Februari 1989. Leva yake inakaa moja kwa moja juu ya gia boksi, mwendo wake ni mfupi sana, na hadi leo watu wanaisifia gari hiyo kwa gia zake kabla hawajataja injini. Subaru nao, kupitia tawi lao la michezo la STI, wameuza leva fupi kwa ajili ya Impreza. Wazo lenyewe si la kihuni, wala halikuanzia kwa mafundi wa mtaani.

Lakini tazama tofauti. Kwenye MX-5, kiwanda kilipanga vyote pamoja: mahali pa leva, springi zinazoirudisha katikati, na nguvu ambayo mkono wa mtu wa kawaida unaweza kuitoa siku nzima. Anayefunga shifta fupi kwenye gari lililobuniwa kwa leva ndefu anabadilisha kipande kimoja cha mpango mzima.

Upande wa pili kuna shutuma kwamba shifta fupi inaua gia boksi. Mafundi wengi wa zamani wanaisema kwa uhakika. Nadhani wameona kitu cha kweli, ila sababu wanayoitaja siyo. Ndani ya gia boksi kuna sinkro, pete ambazo mara nyingi ni za shaba, na kazi yake ni kama breki ndogo: zinasugua gia mpaka kasi yake ilingane na ya shafti, ndipo meno yanaruhusiwa kuingiana. Usuguaji huo unahitaji muda na unahitaji msukumo. Rudi kwenye hesabu yetu: ukisukuma leva ndefu kwa kilo 3, kule chini zinafika 15. Ukisukuma leva fupi kwa kilo zile zile 3, zinafika 12. Kwa hiyo sinkro inapata msukumo mdogo zaidi, na inataka muda mrefu zaidi. Leva yenyewe haijaiumiza. Anayeiumiza ni dereva anayesikia mwendo umekuwa mfupi, akadhani na muda umekuwa mfupi, akapiga leva kwa kiganja kama anapiga dafu. Gia inalia krrr, naye anasukuma zaidi. Baada ya miezi kadhaa namba mbili inagoma, na lawama inaenda kwa shifta.

Ndiyo maana hoja ya kasi hainishawishi. Kupunguza sentimita 2 za safari ya mkono kunaokoa sehemu ndogo sana ya sekunde, na sinkro haijali mkono wako umetoka umbali gani. Anayeshindana kwenye uwanja wa mbio atazijumlisha sehemu hizo ndogo na zitampa kitu. Mimi ninayepambana na matuta ya barabara ya Morogoro sioni nitazipeleka wapi.

Matuta ndiyo yanayonifikisha kwenye jambo ambalo nadra kulisikia likijadiliwa. Kwetu Tanzania, na pia Kenya na Uganda, usukani uko kulia, kwa hiyo gia tunazibadilisha kwa mkono wa kushoto, ambao kwa wengi wetu ndio dhaifu. Mwenzetu wa Bujumbura au Bukavu mwenye gari la usukani wa kushoto anatumia mkono wa kulia. Nguvu iliyoongezeka kwa robo si kitu ukibadilisha gia mara kumi. Kwenye foleni ya jioni kutoka Posta hadi Kimara, ambako unacheza kati ya moja na mbili mara zisizohesabika, begani unaisikia. Na gari la nyumbani haliendeshwi na mtu mmoja. Mke wangu aliendesha na ile shifta ya kwanza siku mbili, akaniambia waziwazi kwamba hapendi gari linalombishia. Nimelichukulia neno hilo kwa uzito kuliko sifa zote za vijana wa Subaru.

Kuna pia hatari ya kukosea njia. Baadhi ya shifta zinafupisha hata mwendo wa kushoto na kulia, kwa hiyo gia zinasogeleana. Ukiwa kwenye kasi ya 120 unataka kutoka tano kwenda nne, halafu mkono ukaangukia mbili, ukiachia klachi injini inalazimishwa kuzunguka kuvuka mstari mwekundu wa saa ya mizunguko, na hakuna kidhibiti cha mafuta kinachoweza kuizuia kwa sababu matairi ndiyo yanayoizungusha. Injini inaweza kufa papo hapo. Springi nzuri ya kurudisha leva katikati inapunguza hatari hii. Kama shifta unayouziwa inakutaka uondoe springi hiyo, iache dukani.

Kuhusu njia ya bei nafuu, ya kukata leva kwa msumeno na kuchonga uzi upya: kihesabu inafanya kazi. Ukikata sentimita 4 kwenye zile 20 za juu, unapata uwiano ule ule wa kurefusha chini kwa sentimita moja. Tofauti ni kwamba kichwa cha leva kinashuka na kuwa mbali na usukani, na huwezi kurudi nyuma. Ninachokikataa kabisa ni kuchomelea kipande cha kurefusha sehemu ya chini. Weldi ile inabeba kila msukumo wa mkono wako, haionekani ukiwa umekaa ndani, na ikikatika unabaki na leva mkononi isiyoshika chochote. Tena kipande kilichorefushwa bila vipimo kinaweza kugonga vyuma vilivyo chini yake.

Mtu akiniuliza aanze na nini, namwambia oili. Gia ngumu asubuhi mara nyingi ni oili nzito iliyomwagwa na mtu aliyeona unene wa namba 90 au 140 unatosha kwa kila gari. Kwenye baridi ya Mafinga alfajiri, oili ya namna hiyo ni kama asali, na sinkro inapaswa kuisukuma hiyo kwanza kabla ya kuigusa gia. Impreza ya gia tano inachukua kama lita 3 na nusu za oili ya unene wa 75W-90, daraja la GL-5, kwa sababu gia boksi yake inachangia oili na difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa matairi ya mbele. Magari mengine yanataka GL-4, na kuyawekea GL-5 kunaweza kuzidhuru pete za shaba, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako. Baada ya oili, bushi. Baada ya bushi, mpira wa gia boksi. Ukimaliza hapo na bado unatamani leva fupi, nunua inayopunguza kwa asilimia 20 hivi, itoke kwa mtengenezaji aliyeibuni kwa ajili ya gari lako hasa, na leva ya zamani usiiuze. Bushi za chuma kitupu zikwepe kwa gari la kila siku. Zinakaza kweli, lakini zinaleta mvumo wa gia boksi hadi kwenye kiganja, na kutoka Dar hadi Mbeya huo ni mvumo wa kutwa nzima.

Kipimo cha kujua kama gia zako zimelegea hakigharimu kitu. Zima injini mahali tambarare, vuta handibreki, weka kigingi kwenye tairi. Ingiza namba tatu, kisha mtu akae ndani aitikise leva mbele na nyuma taratibu bila kukanyaga klachi. Wewe lala chini na tochi, uangalie kiungo kinachoingia kwenye gia boksi. Kama ufito unacheza na kiungo hakisogei, bado hujafika mahali pa kununua shifta.