Heshima kwa Mzee Isiishie Mdomoni

Watanzania tunaoishi Uingereza tunapokutana, iwe msibani au harusini, mazungumzo hayakawii kufika palepale: kwamba wenyeji wetu hawajui kuheshimu wazee, na kwamba sisi, pamoja na shida zetu zote, tumewazidi kwa utu. Kuna sehemu ya maneno hayo ninayoikubali kwa moyo wote. Hata hivyo, kadiri ninavyoendelea kuishi London na kurudi Dar es Salaam kuwaona wazazi ambao sasa miguu yao imechoka, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunajisifia nusu tu ya heshima. Nusu nyingine, ile inayohusu magoti, macho na mgongo wa mzee anapokuwa barabarani, kituoni au ndani ya basi, tumemwachia mwenyewe ahangaike nayo.

Nianze na tunachostahili kujivunia. Katika miji yetu mtu mzima hapiti mbele ya vijana kama kivuli. Kijana asiyemfahamu kabisa humwamkia, humpokea kikapu, humwita mama au baba, na akiingia mahali ambapo watu wameketi, mara nyingi anapishwa kabla hajatafuta pa kukaa. Katika foleni ya benki au ya ofisi ya serikali si ajabu kusikia mtu akisema, "Mzee, pita mbele," na waliosalia wakanyamaza kwa kuridhia. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kufanya hivyo wala tangazo ukutani, na ndiyo maana jambo hilo lina thamani kubwa, kwa kuwa mzee anaondoka pale akijua kwamba ameonekana na amehesabiwa kuwa mtu.

London mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Mama mwenye mkongojo akiwa kituoni, dereva husogeza basi hadi karibu na ukingo wa njia ya waenda kwa miguu na kuliinamisha upande wa mlango, hata hatua ya kupanda inakuwa fupi mno. Sakafu ya basi ni ya chini, haina ngazi mlangoni, na nguzo za kushika zimepakwa rangi kali ili aliyepungukiwa macho aweze kuziona. Sauti hutaja kituo kinachofuata na maandishi hukionyesha, kwa hiyo mzee asiyesikia vizuri anasoma na asiyeona vizuri anasikiliza. Kanuni zilizotungwa mwaka 2000 zinataka basi la mjini liwe na viti vya kipaumbele visivyopungua vinne, tena mahali panapofikika kwa urahisi. Juu ya hayo yote, mkazi wa London aliyefikia umri wa kupokea pensheni ya serikali husafiri bure katika mabasi ya jiji kwa kadi ya Freedom Pass, utaratibu ambao umekuwapo tangu mwaka 1973. Katika yote hayo hakuna aliyemwamkia yule mama, lakini amepanda, amekaa na atashuka bila kuvunjika nyonga.

Wengi wetu tunaofika huku tunashangazwa na jambo moja linalohitaji kutazamwa kwa utulivu kabla ya kulihukumu. Ukisimama kumpisha mtu wa miaka sabini hivi, anaweza kukataa kiti, na pengine akaonekana kukereka. Kwetu kuhesabiwa miongoni mwa wazee ni kupandishwa cheo; kwao ni kama kuambiwa kwamba nguvu zimekwisha na zamu imepita. Mtu huyo ameishi akijitegemea na anataka kuendelea hivyo mpaka mwisho, na tukilichukulia hilo kuwa kiburi tunamwonea. Ndiyo maana alama iliyobandikwa juu ya kiti inasaidia: inasema kwa niaba ya wote wawili, kijana anainuka bila kumwambia mtu umri wake, na mwenye kuhitaji anakaa bila kuomba. Tangu mwaka 2017 jiji hili pia limekuwa likitoa beji maalumu kwa mtu ambaye udhaifu wake hauonekani kwa macho, ili waliomzunguka wajue kwamba anahitaji kupishwa. Naiona ni busara kubwa, kwa sababu maumivu ya mgongo na ya moyo hayana mvi.

Walakini, sikubaliani na wale wanaosema kwamba utaratibu unatosha. Nimeketi mara nyingi karibu na wazee ambao, kwa jinsi wanavyodaka neno moja tu la salamu na kulirefusha mpaka kituo cha mwisho, ni wazi kwamba hawajazungumza na mtu tangu asubuhi. Kadi yao inawapeleka popote jijini, na ndani ya basi zima hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye simu yake. Hilo ni pungufu la kweli, na watoto wetu wanaokulia huku wanalirithi haraka kuliko tunavyodhani tusipowafundisha kumsalimu jirani mzee, awe wa kabila lolote.

Sasa turudi Dar es Salaam, kwa sababu uchungu wangu hasa uko huko. Simama Kariakoo saa kumi na moja jioni, daladala la Mbagala au la Gongo la Mboto linapoingia. Vijana wanalidandia kabla halijasimama, wengine wanarusha mabegi dirishani kushika viti, na wengine wanaingia kwa dirisha hilohilo. Mama wa miaka sitini na tano anafanya nini hapo? Ama anasubiri mpaka giza liingie, ama anageuza, yaani anapanda gari hilohilo likiwa bado linaelekea mjini, analipa nauli ya kwenda asikokwenda, kisha analipa tena ya kurudi, ili tu apate mahali pa kukaa. Vijana walewale waliomwacha kituoni wangemwamkia kwa adabu zote kama wangekutana naye uchochoroni kwao.

Kushuka nako ni mtihani. Konda, ambaye mara nyingi ni kijana mwenye moyo mzuri, atapiga kelele, "Taratibu dereva, kuna mtu mzima anashuka!" na atamshika mkono. Lakini gari halisimami kabisa. Linapunguza mwendo tu, na mama anaambiwa atangulize mguu wa kushoto. Ngazi ya mwisho iko juu sana kutoka ardhini, na chini mara nyingi ni kokoto au ukingo wa mtaro. Akiwa na tenga la mboga, adabu inapungua zaidi, maana ubishi wa nauli ya mzigo unaanza mbele ya abiria wote. Hapa niseme jambo ambalo wenzangu hawapendi kulisikia: heshima yetu huangalia mavazi. Mzee aliyevaa kanzu safi au suti hupishwa na kila mtu. Bibi aliyevaa khanga iliyochakaa, akibeba fungu la mchicha, huambiwa asogee nyuma.

Barabarani ni vilevile. Uingereza kuna vivuko vyenye vifaa vinavyotambua kwamba mtu bado hajamaliza kuvuka, na taa huendelea kuwazuia wenye magari mpaka afike ng'ambo. Katika baadhi ya maeneo kuna hata alama ya barabarani yenye picha ya wazee wawili waliopinda mgongo, inayomtahadharisha dereva. Kwetu, kwenye Barabara ya Morogoro pale Manzese, mvukaji ana daraja la juu lenye ngazi nyingi. Kijana halioni kuwa tatizo, lakini mwenye ugonjwa wa viungo huzitazama ngazi zile akashindwa, na chini, hata penye zebra, bodaboda hazimsubiri mtu.

Najua jibu litakalotolewa: sisi ni nchi maskini na wao ni matajiri. Ni kweli kwamba basi la kuinama ni ghali. Lakini gari kusimama kabisa mpaka mzee akanyage ardhi kunagharimu kiasi gani? Kujenga kituo chenye benchi na kivuli si anasa. Tena tumeshaonyesha kwamba tukitaka tunaweza: hospitali zetu nyingi za umma zina dirisha la wazee, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilikwisha kumtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, kwa hiyo hatuna haja ya kubishana juu ya anayestahili. Mamlaka inayotoa leseni za daladala inaweza kuweka sharti la ngazi ya chini mlangoni na la kusimama kikamilifu, na ikalisimamia kama inavyosimamia nauli.

Mfano mzuri na wa kusikitisha kwa wakati mmoja ni mwendokasi, yaani mradi wa mabasi yaendayo haraka katika njia zake maalumu, ulioanza kutoa huduma mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Waliojenga vituo vile walimfikiria mzee: jukwaa limelingana na sakafu ya basi, hakuna ngazi ya kupanda wala kokoto za kuruka. Kisha jioni inafika, watu wanajaa katika kituo cha Gerezani, kule Kariakoo, milango inafunguka, na mzee anasukumwa pembeni mpaka basi la pili na la tatu liondoke bila yeye. Pale hapahitajiki fedha nyingi. Panahitajika foleni ya wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu katika kila kituo kikubwa, na mhudumu mwenye mamlaka ya kuwazuia wengine kwa muda mfupi. Mlango mmoja wa basi lile refu ukifunguliwa kwa ajili yao dakika moja kabla ya milango mingine, hakuna abiria atakayechelewa kazini wala nyumbani kwa sababu hiyo.