Hobi ni za watu wenye dada wa kazi?

Miezi michache iliyopita tukiwa kwa mama ntilie nyuma ya godauni letu hapa Kariakoo ukazuka ubishi ambao mpaka leo haujanitoka kichwani. Kijana wetu wa mauzo, yule anayepiga gitaa na statasi zake zote ni gitaa tu, akasema mtu akikwambia hana muda wa kufanya kitu anachokipenda huyo ni mvivu, hamna jina lingine, lala saa nne amka saa kumi alfajiri una masaa mawili yako peke yako. Watu wakaitikia pale eti kweli kweli. Dada wa uhasibu akaweka kijiko chini taratibu akamwambia, "Mdogo wangu wewe unakaa kwenu, nguo unafuliwa na chai unaikuta mezani. Hobi ni za watu wenye dada wa kazi." Watu tukaangua kicheko, kijana akanuna, maharage yakaendelea kuliwa.

Mimi nilicheka nusu nusu mana kila mmoja alikuwa ananisema mimi. Nachora. Sio msanii wala nini, nachora tu sura za watu kwa penseli toka niko sekondari, karatasi nyeupe na penseli mbili tatu, moja ngumu moja laini, basi. Na kwa miaka kama minne hivi nilikuwa nachora mara moja kwa miezi miwili afu najiambia nipo bize.

Nianze na kijana kwa sababu ana hoja kuliko tunavyopenda kukubali. Jioni ile nikaenda kwenye ile sehemu ya simu inayoonyesha umeitumia muda gani kwa siku, nikiwa na uhakika kabisa haifiki lisaa limoja. Masaa matatu na dakika 10. Nikaangalia jana yake, masaa matatu kasoro. Na hapo sijaweka mpira, mana mechi moja ya Jumapili sio dakika 90 kama tunavyodanganyana nyumbani, ni kwenda, ni mechi yenyewe, ni ubishi wa refa baada ya mechi, ukirudi watoto wamelala. Kwa hiyo mtu kama mimi akisema hana muda, kijana ana haki ya kucheka.

Ila nilipozitafuta hizo masaa matatu ziko wapi ndo nikaona hesabu yake inavuja. Ziko dakika 8 kituoni nasubiri gari, dakika 20 nimesimama kwenye daladala mkono mmoja juu mwingine umeshika simu, dakika 5 mteja kaenda kuulizia bei kwingine, dakika 6 chooni (tusidanganyane), afu ile nusu saa ya mwisho kitandani ambayo hata sikumbuki nimeangalia nini. Ni kama mtu kukwambia una laki moja, kumbe ni sarafu za mia mia zimetawanyika mifuko ishirini ya suruali tofauti. Laki ni laki kweli, ila jaribu kulipa kodi nayo asubuhi hii. Kuchora sura ya mtu kunanitaka dakika 15 za mwanzo za kuharibu tu, mkono mzito, jicho bado halijakaa, pua inaenda pembeni, afu kama dakika ya 20 ndo kitu kinafunguka na unaanza kuona kivuli kiko wapi. Sasa mtu mwenye vipande vya dakika 8 anabaki mwanzoni maisha yake yote.

Hapa ndo nikamkumbuka mama mkwe. Ni mtu wa Pemba, alikuja kukaa kwetu miezi mitatu wakati mtoto wa pili anazaliwa, na alikuja na fungu la ukindu limefungwa kwenye kanga, lingine limetiwa rangi ya zambarau. Yule mama alikuwa anasuka ukili muda wote. Chungu kipo jikoni anasuka, anaongea na simu na dada yake Wete kaibana simu kwa bega anasuka, mtoto kalala mapajani anasuka vidole vinapita juu ya kichwa cha mtoto. Akiitwa anauacha palepale, akirudi anaushika palepale, hatafuti wapi alipoishia, vidole vyenyewe vinajua. Wala haangalii. Ule ukanda unarefuka anauviringisha kama utepe, viringi linakaa chini ya kitanda linanenepa kila wiki, mpaka siku ukitosha ndo unashonwa upande kwa upande unakuwa mkeka. Siku moja nikamwambia mama una hobi nzuri sana. Akaniangalia. "Hobi ndo nini mwanangu? Mie nasuka tu, nsikae bure."

Nadhani hii ni sehemu kubwa ya ubishi wetu ambayo hakuna aliyeigusa pale mezani. Tunauliza mtu ana masaa mangapi, hatuulizi hicho anachokipenda kinakatika vipande vya saizi gani. Ukili unakatika popote. Kufuma vitambaa vya makochi kunakatika, kushona kofia za mkono kunakatika, hata mashairi mtu unaweza kutembea na mstari mmoja kichwani toka Ubungo mpaka Magomeni ukaugeuza geuza ukifika unao. Gitaa halikatiki, na kwanza majirani hawatakubali hiyo saa kumi. Rangi za mafuta hazikatiki, kufungua tu makopo na kuosha brashi ni nusu saa. Kwa hiyo mtu wa gitaa akimwambia mtu wa rangi amka mapema wakati mama wa ukili anawashangaa wote wawili, wanaongea vitu vitatu tofauti.

Turudi kwa dada wa uhasibu. Nyumba yangu iko Mbezi, natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri narudi saa mbili usiku, na sijapiga ovataimu hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema masaa ya kawaida ya kazi yasizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku, na ovataimu isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne. Sawa, sheria nzuri, ila foleni ya barabara ya Morogoro haimo mle ndani. Masaa zaidi ya manne barabarani kwa siku, mara siku tano, ni zaidi ya masaa 20 kwa wiki hayapo kwenye hesabu ya mwajiri wala kwenye hesabu ya kijana wa gitaa, ambaye anakaa Ilala anatembea kwa miguu kuja kazini. Wikiendi nazo tunajua zinaenda wapi. Kikao cha harusi, msiba, kikoba, fundi wa maji kasema anakuja asubuhi kaja saa kumi jioni.

Pamoja na hayo yote nilijaribu dawa ya kijana, kwa nia safi kabisa. Saa kumi alfajiri, taa ya sebuleni, karatasi. Siku ya kwanza nilichora jicho la babu mmoja muuza kahawa nikaridhika mpaka nikataka kupiga kelele. Siku ya nne mtoto mdogo akaona mwanga akaamka, na mtoto akishaamka saa kumi hiyo siku imeisha. Wiki ya pili nilikuwa nasinzia godauni, nikakosea kuhesabu maboksi ya msambazaji mmoja ikabidi tuhesabu upya stoo nzima. Ila kilichonimaliza sio usingizi. Ni mama watoto, asubuhi moja ameshika sufuria ya uji na mtoto kiunoni, sauti wala hakupandisha, akaniuliza, "Na mimi yangu niamke saa ngapi? Saa nane?"

Sikuwa na jibu. Kwenye shelfu letu chumbani, juu kabisa nyuma ya mablanketi, kuna mfuko wa rambo. Mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo mwenye akili ataelewa umekaa pale toka lini. Ndani yake kuna kitambaa cha kochi cha rangi ya maziwa kimefumwa kufika nusu na sindano bado imechomekwa kwenye kitanzi cha mwisho, kama mtu aliyeitwa mara moja akasema narudi. Kila nikivuta blanketi nauona ule mfuko. Na miaka yote hiyo mimi ndo niliyekuwa nalalamika kwamba sina muda wa kipaji changu.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya wale wawili nani yuko sahihi, mimi naegemea kwa dada wa uhasibu, ila sentensi yake naibadilisha kidogo. Hayo masaa ya kijana hayatengenezwi na alamu. Yanahamishwa, na kila unapoyavuta kwako kuna mtu mahali ameyabeba, aidha mama yako anayekufulia, au mke, au dada wa kazi, au mwili wako mwenyewe kesho yake saa nane mchana mbele ya maboksi.

Kijana naye alikuja na mifano yake, si mnajua ubishi wa mchana. Akamtaja Shaaban Robert, kwamba alikuwa karani wa serikali ya mkoloni na bado kaandika rundo la vitabu. Kweli, alikuwa karani wa forodha, amekaa Pangani miaka mingi tu. Ila Pangani ya miaka ya 30 haikuwa na foleni ya Kimara, na swali ambalo hatujawahi kuulizwa darasani ni nani alikuwa anapika wakati anaandika. Akamtaja na Tingatinga. Hapo ndo akajipiga ngwala mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru 1932, alikuja Dar kutafuta maisha akafanya kazi za nyumbani kwa mzungu na vibarua vya hapa na pale, na alipoanza kuchora 1968 alichorea rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi vya futi mbili kwa mbili kwa sababu ndo vitu alivyoweza kununua. Akafa 1972 kwa risasi ya polisi, miaka minne tu na jina lake mpaka leo ndo jina la mtindo wenyewe. Sasa huyo huwezi kumweka kwenye fungu la wenye hobi, yule alikuwa anachora ili nyumbani wale. Afu ukifikiria vizuri, yeye ndo alikuwa huyo "dada wa kazi" ambaye dada wa uhasibu anasema anawapa wengine muda. Hapo na yeye hoja yake ikachechemea, mana hata mama mkwe wangu kalea watoto saba bila msaidizi na mikeka yake imejaa nyumba tatu. Tofauti ni kwamba wote wawili, Tingatinga na mama mkwe, walikuwa wanauza. Kitu kikileta hela ya unga hakuna anayekuuliza unapoteza muda wa nini.

Na ndo maana watu wengi ushauri wao wa kwanza ukiwaonyesha mchoro ni "uza basi". Naelewa, hela ikiingia nyumbani unapewa nafasi. Nilijaribu mara moja, bosi mmoja akaniagiza nimchore na mkewe kwa ajili ya anivesari, elfu hamsini. Nikapewa picha ya kwenye simu imefifia, nikaambiwa kitambi kipunguzwe, mke aongezewe weupe, iwe tayari Ijumaa. Nilimaliza, nikalipwa, na sikugusa penseli wiki sita. Kuna watu wanaweza na nawapa heshima yao, mimi kile kilikuwa godauni la pili.

Sa hivi tunachofanya nyumbani sio kitu cha kujivunia sana. Tulikaa tukaongea, na maongezi yenyewe yalikuwa magumu kuliko ninavyoandika hapa, tukakubaliana Jumamosi kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili ni yangu, yeye ana watoto, hakuna kuniita hata gesi ikiisha. Jumapili muda huohuo ni wake, mimi nina watoto, na kama kuna mechi basi nitaangalia magoli kwenye simu. Masaa mawili tu kwa wiki, kijana wa gitaa alivyosikia alicheka, kwake hayo ni ya siku moja. Ila ni masaa mawili yaliyoshikana, na mwenye kuyalipa anajua anayalipa na zamu yake inafika kesho yake. Jumamosi mbili zimeshaliwa na msiba na kikao cha harusi ya binamu, sitawaficha. Nyingine nilikaa nikaangalia karatasi nikasinzia.

Jumapili ya kwanza mama watoto alishusha ule mfuko wa rambo akakaa nao barazani. Nikajua anamalizia. Kumbe uzi wa rangi ile ameutafuta Kariakoo nzima haupo tena, umekuja mwingine unafanana ila sio wenyewe. Nilipotoka nje na mtoto mabegani nikamkuta amechomoa sindano, anafumua mstari kwa mstari, anaviringisha uzi kwenye kidonge, mdogo mdogo, hana haraka yoyote.