Kihispania na Kiingereza katika sentensi moja: umahiri au upungufu?

Mwaka 1948 Salvador Tió, mwandishi wa Puerto Rico, aliupa mchanganyiko huu jina la kejeli: espanglish. Shutuma hazijapoa. Mwaka 1997 Roberto González Echevarría, profesa wa Yale, aliandika kuwa ni hatari kubwa kwa utamaduni wa Walatino wa Marekani.

Utafiti wa mwanaisimu Shana Poplack kwa Wapuerto Rico wa mtaa mmoja wa New York, uliotoka 1980, ulionyesha sura nyingine. Waliohama lugha katikati ya sentensi walikuwa hasa wale waliozimudu zote mbili. Wenye Kiingereza hafifu walichomeka vipande vya pembeni tu, kama "you know". Tena hao mahiri hawahami ovyo. Huhama pale mpangilio wa maneno wa lugha zote mbili unapooana, kwa mfano kwenye kiunganishi kati ya vishazi viwili. Panapogongana, hukwepa: Kihispania huweka kivumishi cha rangi baada ya nomino, Kiingereza kabla yake, kwa hiyo "casa white" (nyumba nyeupe) huwakera masikio. "Yo want" (mimi nataka) nayo haisemeki. Kitenzi cha Kiingereza hakipewi viambishi vya Kihispania mpaka kikubali matamshi yake: "park" huwa "parquear", ndipo zinapatikana "parqueo" (naegesha) na "parqueaste" (uliegesha). Waswahili hapa tuko tofauti, maana "nime-cancel" hupita bila taabu. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton alitumia mazungumzo ya Nairobi ya namna hiyo kujenga nadharia yake ya 1993 kuhusu kuchanganya lugha.

Hata hivyo wakosoaji wana hoja. Mtoto asiyesikia nyumbani ila "lunch" hatajua "almuerzo", na mbele ya bibi asiyejua Kiingereza atakwama. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini: mwambie asimulie jambo lilelile kwa mtu wa lugha moja. Akiweza, anachanganya kwa hiari. Akikwama kila mara, ana pengo la msamiati, na dawa yake ni vitabu na watu wa kuongea nao. Ukimkaripia, atakimbilia Kiingereza moja kwa moja.

Kinachokimaliza Kihispania zaidi ni kukosa mahali pa kukitumia. Mwaka 1998 wapigakura wa California walipitisha sheria ya Proposition 227, iliyotaka watoto wafundishwe karibu kila kitu kwa Kiingereza isipokuwa wazazi waombe ruhusa maalumu. Sharti hilo liliondolewa kwa kura 2016. Waliosoma katika miaka hiyo 18 wengi hawakupata darasani Kihispania cha kuandikia barua au kusomea sayansi, na hata wazazi wao wangeacha kuchanganya lugha, wasingeweza kuliziba pengo hilo.