Jogoo wa Ukweni

Mwanafunzi wa Kitanzania anayesoma Mbarara, magharibi mwa Uganda, akipata mwisho wa juma usio na mtihani, hukimbilia Kampala. Mimi mtoto wa Tanga niliazimia kuona mambo mawili tu: Msikiti wa Taifa ulio juu ya kilima cha Old Kampala, na makaburi ya makabaka, yaani wafalme wa Buganda, huko Kasubi. Nilivaa kanzu, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nikatia juu yake koti jeusi la kuazima. Kanzu na koti juu yake ndilo vazi la heshima la wanaume wa Buganda, na vazi hilo ndilo lililonipeleka nisikokujua.

Msikitini mambo yalikwenda vizuri. Ulizinduliwa mwaka 2008, baada ya fedha za Libya kuukamilisha, juu ya kilima kile kile ambapo Mwingereza Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890. Mnara wake una ngazi nyingi, ambazo nilizipanda nikihesabu dhambi zangu badala ya ngazi. Kutoka juu kiongozi wa wageni alituonyesha Namirembe ya Waanglikana, Rubaga ya Wakatoliki, Mengo kwenye kasri la Kabaka, na mwishowe Kasubi, ambayo kutoka pale juu ilionekana kama ipo jirani tu.

Nilipoteremka barabarani nilikuta gari la abiria likiunguruma, limejaa wanaume watupu, kila mmoja na kanzu yake na koti lake. Nilikuwa nimeelezwa kwamba Kasubi ni mahali patakatifu ambapo watu huvua viatu na kuvaa kwa adabu, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Nilimwuliza mzee aliyeketi karibu na mlango kama wanapita Kasubi, naye akanijibu kwa Kiswahili cha jeshini, "Tunapita! Ingia haraka, tumechelewa!"

Mzee hakusema uongo, kwani Kasubi tuliipita kweli. Usiku uliotangulia nilikuwa nimejisomea yote: kwamba Muteesa wa Kwanza alijenga kasri lake pale mwaka 1882, kwamba makabaka wanne wamezikwa hapo, kwamba jengo kuu liliungua Machi 2010 na likajengwa upya, hata UNESCO ikapaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Elimu hiyo yote niliishikilia kifuani huku njia ya kwenda makaburini ikirudi nyuma dirishani, nasi tukishika barabara ya Hoima kuelekea Wakiso.

"Shikamoo mzee. Nadhani tumeipita Kasubi."

"Kijana, wachana na Kasubi. Wewe si mtoto ya dada yetu ya Masaka? Shika hii."

Akanipakatisha kikapu kilichofungwa utepe, na ndani yake jogoo aliye hai. Ndipo nilipoelewa kwamba tunakwenda kwenye kwanjula, sherehe ya bwana harusi kutambulishwa ukweni, na kwamba idadi ya wageni ilikuwa imekwisha kukubaliwa na pande zote mbili. Mpwa wao wa Masaka, ambaye hawakumwona tangu akiwa mdogo, ndiye aliyekuwa amepungua, na jogoo wa shemeji alikosa wa kumbeba.

Tulikalishwa chini ya hema, tukitazamana na upande wa bibi harusi. Msemaji wao alikuwa hodari wa kutafuta makosa ya kutoza faini, na kosa la kwanza, la kuchelewa, tulilipia hata kabla ya kukaa sawasawa. Kisha jogoo akawika katikati ya hotuba yake. Msemaji akanyamaza, akatutazama kwa huzuni ya kuigiza, akatamka faini. Jogoo akawika tena, na faini nyingine ikatamkwa. Nikaona nimfunike kwa koti, naye akawika humo humo ndani, hivi kwamba ukumbi mzima uliamini aliyewika ni mimi. Hata akina mama wenye gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Buganda, waliokuwa wamepiga magoti kutusalimu, walishindwa kumaliza salamu kwa kicheko. Faini ya safari hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kaka wa bibi harusi alipoitwa kumpokea jogoo wake, nilimkabidhi kwa furaha ambayo wenyeji waliidhania kuwa ni adabu njema. Nikapewa matoke na luwombo ya kuku, yaani kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, nikala kama mwana wa ukoo.

Ilikuwa jioni simu ya mzee ilipolia. Mpwa wa Masaka alikuwa akiomba radhi, bado yuko Masaka. Mzee alinitazama kwa muda mrefu.

"Sasa wewe ni nani?"

"Mwanafunzi, mzee. Nilikuwa nakwenda Kasubi."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya hema, kisha akachukua namba yangu ya simu. Juma lililofuata alinipigia nikiwa darasani Mbarara kunijulisha kwamba nimeingizwa katika kamati ya harusi, kwamba amekwisha kuahidi kwa jina langu mchango wa shilingi 50,000, na kwamba faini za jogoo zitahesabiwa mbali.