Tamthilia kongwe ikirudi jukwaani ikapwaya, lawama iende wapi?

Tamthilia kongwe ikirudishwa jukwaani na kupwaya, watu hutoka ukumbini na hoja mbili. Kuna wanaosema mwongozaji kaiharibu: kakata mistari, kawavisha wafalme suti, kageuza kasri kuwa ofisi. Na kuna wanaosema kosa ni la watazamaji wenyewe, waliokuja na picha waliyoibeba tangu darasani na hawakutaka kuona nyingine. Pande zote mbili zina haki kwa kiasi chake. Tatizo ni kwamba zote hubishania kile kinachoonekana upesi, yaani maleba (mavazi ya jukwaani) na mandhari, wakati mchezo umekwama kwingine kabisa: matini ilivyokatwa, kasi ya uchezaji, usikikaji wa maneno na mpangilio wa mazoezi.

Tuanze na wanaotaka mchezo uachwe kama ulivyoandikwa. Mwandishi wa tamthilia Samuel Beckett alikuwa upande huo bila kuyumba. Mwaka 1984 kundi moja la Marekani liliihamishia tamthilia yake Endgame kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, ilhali yeye aliandika chumba kitupu chenye madirisha mawili madogo. Alipinga, na suluhu ikawa kuchapisha pingamizi lake ndani ya kijitabu cha onyesho. Haukuwa ukaidi wa mzee. Katika tamthilia ile ufinyu wa chumba ndio unaobeba maana. Ukiupanua, wahusika wanapata pa kwenda, na kukosa pa kwenda ndiyo habari yenyewe.

Hata hivyo hoja ya uaminifu haifiki mbali ikisimama peke yake. King Lear ya Shakespeare ilichezwa Uingereza kwa takribani karne moja na nusu katika matini iliyoandikwa upya na Nahum Tate mwaka 1681, yenye mwisho wa furaha. Wengi wa waliokwenda kuitazama hawakuwahi kuona nyingine jukwaani. Ni mwaka 1838 ndipo mwigizaji Macready alipoirudisha matini ya Shakespeare, ikiwa na yule Mchekeshaji wa mfalme ambaye Tate alimfuta. Naye Ibsen aliandika mwisho wa pili wa A Doll's House kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani mwaka 1880, ambamo mhusika mkuu, Nora, hamwachi mumewe na kuondoka nyumbani kama ilivyo katika mwisho wa kwanza. Aliuchukia, lakini aliona heri auandike mwenyewe kuliko kuwaachia wengine.

Tamthilia hiyo ya 1879 ndiyo kipimo kizuri zaidi cha kuuleta mchezo wa kale katika wakati wetu. Msuko wake wote unaning'inia kwenye vitu viwili. Cha kwanza ni sheria: mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume, ndiyo maana Nora alihitaji saini ya baba yake kama mdhamini, akaighushi. Cha pili ni sanduku la barua lililofungwa, ambalo ufunguo wake anao mumewe, Torvald, peke yake. Barua ya Krogstad, aliyemkopesha Nora, inayofichua siri hiyo ikishatumbukia humo, inaonekana kupitia kioo lakini Nora hawezi kuigusa, naye anacheza tarantela, ngoma ya Kiitaliano ya kasi, kama aliyepagawa ili mumewe asiende kulifungua.

Sasa wape wahusika hao simu za mkononi bila kutafuta kitu cha kushika nafasi ya sanduku. Tendo la 2 linakosa injini, maana ujumbe wa simu husomwa papo hapo au hufutwa. Na mtazamaji ataanza kujiuliza kimoyomoyo: mbona Nora hakukopa kwa jina lake? Swali hilo likishaingia kichwani, machozi ya mwigizaji hayalitoi. Watu watatoka wakisema Nora haaminiki, na watamlaumu mwigizaji asiye na kosa. Anayetaka kuihamisha tamthilia hii lazima kwanza apate kizuizi chenye nguvu ile ile, kwa mfano kibali cha ukaazi kinachotegemea ndoa, au akaunti ambayo mume anauona kila muamala wake. Maleba yatachaguliwa baadaye.

Wanaotetea upya hupenda kumtaja mwongozaji Peter Brook, na wana sababu. Mwaka 1970, kule Stratford-upon-Avon, aliiongoza A Midsummer Night's Dream ndani ya kuta nyeupe tupu, waigizaji wakibembea kwenye bembea za sarakasi na kuzungusha sahani juu ya vijiti. Kinachosahaulika ni kwamba matini ya Shakespeare ilibaki karibu yote. Msitu uliondolewa machoni, masikioni ukabaki, kwa sababu mistari yenyewe inautaja mti kwa mti na ua kwa ua. Wanaomwiga juu juu huchukua kuta nyeupe na bembea, kisha hukata mistari ili watu wawahi kurudi nyumbani. Hapo mtazamaji ananyang'anywa msitu mara mbili, na akilalamika kwamba jukwaa lilikuwa tupu, ana haki kabisa.

Kukata si dhambi. Hamlet ina mistari takribani 4,000 na ikichezwa nzima huchukua kama saa nne. Ili ikae ndani ya saa mbili na nusu, zaidi ya theluthi lazima iondoke. Ukataji salama huanzia ndani ya hotuba: tashbihi ya tatu inayorudia ya kwanza, miungu ya Kigiriki ambayo hakuna atakayeitambua, maneno ya kumtambulisha mtu ambaye tayari anaonekana. Hatari iko kwenye kufuta onyesho zima. Mchukue bawabu mlevi wa Macbeth, tendo la 2, onyesho la 3. Huonekana kama mzaha wa kupita tu, hivyo humtamanisha mwenye kalamu nyekundu. Lakini Macbeth ametoka kumuua mfalme sasa hivi, mikono imejaa damu, na porojo za bawabu ndizo zinazompa mwigizaji dakika za kunawa na kubadili nguo. Bawabu akitolewa, ama Macbeth anarudi mikono ikiwa bado mibichi, ama taa zinazimwa watu wakasubiri gizani, na kule kugongwa kwa lango kulikokuwa kukitisha kunapoa. Vivyo hivyo mazungumzo marefu ya Malcolm na Macduff katika tendo la 4: yakibanwa yakawa ya dakika mbili, Macduff anapokea habari za kuuawa kwa mkewe na watoto kabla hatujapata nafasi ya kumjua. Mwigizaji analia, ukumbi unatazama saa.

Damu nayo inaweza kugeuka. Mwaka 1980 Peter O'Toole alicheza Macbeth katika ukumbi wa Old Vic, London, akiwa amerowa damu kiasi kwamba watu waliangua kicheko mahali palipokusudiwa kutisha. Wahakiki waliuponda mchezo, na tiketi zikagombaniwa kwa sababu kila mtu alitaka kushuhudia mwenyewe. Mifano ya namna hii inapaswa kuwatahadharisha wanaojitetea kwa kusema viti vilijaa. Kicheko kisicho mahali pake kina thamani zaidi kwa mwongozaji, maana kinamwonyesha dakika hasa ambapo alimpoteza mtazamaji.

Kasi ndiyo inayolalamikiwa sana na kuelezwa vibaya. Watu husema mchezo ulikuwa mrefu, wakati mchezo wa saa tatu ukienda sawasawa haumchoshi mtu. Kinachochosha ni mapengo: mmoja amalize mstari, anyamaze, mwenzake avute pumzi, ndipo ajibu. Nusu sekunde katika kila zamu ya kusema, zamu zikiwa 1,000, ni zaidi ya dakika nane za ukimya ambao hakuna aliyeuandika. Chekhov mwenyewe alilalamika hivyo mwaka 1904, The Cherry Orchard ilipochezwa Moscow. Tendo la mwisho, ambalo kwa hesabu yake halikupaswa kuzidi dakika 12, lilivutwa hadi 40, akamwandikia mkewe kwamba mwongozaji wake, Stanislavski, ameuharibu mchezo wake. Aliandika kichekesho akaletewa matanga. Lakini mtindo ule wa matanga ulipendwa, ukarithiwa, na hadi leo mwongozaji anayeuchezesha mchezo huo kwa wepesi na kicheko anaweza kuambiwa amekosa heshima, ilhali yeye ndiye aliye karibu zaidi na mwandishi. Hapa wanaowalaumu watazamaji wako sahihi: mara nyingine tunachotetea ni utayarishaji tuliouzoea, tukidhani tunaitetea tamthilia.

Mfano wao wenye nguvu zaidi ni The Seagull ya Chekhov huyo huyo, iliyozomewa St. Petersburg Oktoba 1896. Usiku ule ulikuwa wa kumheshimu mwigizaji mashuhuri wa vichekesho, na wapenzi wake walikuja kucheka. Desemba 1898 kundi jipya la Moscow likaicheza, ikashangiliwa. Tusiruke tukasema wale wa kwanza walikuwa wajinga, kwani St. Petersburg walifanya mazoezi ya siku chache tu, na Moscow walitumia takribani saa 80. Matarajio mabaya yalikutana na maandalizi mabovu, na ni vigumu kuyatenganisha.

Namna mazoezi yanavyopangwa huamua pia mwisho wa mchezo. Makundi mengi huanza ukurasa wa kwanza na kwenda mbele, hivyo mwanzo hurudiwa mara nyingi na mwisho hukimbizwa wiki ya mwisho. Kwa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, mpango huo ni sumu. Uzito wote uko pale Kinjeketile, akiwa mfungwa, anapokataa kulikana neno la maji, yaani ahadi yake kwamba maji ya dawa yangewakinga wapiganaji na risasi, akihofia vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigania ardhi yao kulikuwa kosa. Ikiwa mwigizaji hakupewa siku za kutosha za kulichimba onyesho hilo, atapiga kelele, na ukumbi utaona mtu mkaidi badala ya mtu aliyepima gharama.

Kuhusu sauti hakuna mengi ya kubishania. Waigizaji waliozoea kamera hushusha sauti mwisho wa sentensi, na katika Kiswahili, ambako taarifa nzito mara nyingi huja mwishoni, mstari mzima unapotea. Kipaza sauti hakiponyi hilo. Kinaukuza mwanzo tu.

Lipo pia suala la maonyesho ya majaribio, yanayotangulia uzinduzi rasmi. Mwaka 2015, Hamlet ya Benedict Cumberbatch katika ukumbi wa Barbican, London, ilianza majaribio hotuba ya “To be, or not to be” ikiwa mwanzoni kabisa. Malalamiko yakafuata, na kabla ya uzinduzi hotuba ikahamishwa. Waongozaji wana haki kusema kipindi hicho ni cha kujaribu, na wahakiki wanaokimbilia kuandika hukumu wanawanyima nafasi hiyo. Lakini mtu aliyelipia tiketi hana sababu ya kunyamaza, na katika kisa hiki malalamiko yalikuwa ya msingi: hotuba ile inasimama juu ya uzito wa mzimu, mauaji na usaliti, na mwanzoni hakuna kati ya hayo kilichokwisha kutokea mbele yetu.

Malalamiko yanayosaidia hutaja mahali: onyesho gani, baada ya maneno gani, ukiwa umekaa safu ya ngapi. Upande wa pili, kundi lina chombo chake tayari. Msimamizi wa jukwaa huandika ripoti ya kila onyesho, ikiwa na muda wa kila tendo, palipochekwa, na lililokwenda kombo. Mwongozaji akizilinganisha ripoti hizo na barua za watazamaji, atajua pa kuanzia. Tendo lililoongezeka dakika sita kati ya usiku wa kwanza na wiki ya tatu, bila mstari hata mmoja kuongezwa, linahitaji kurudishwa kwenye mazoezi kesho yake asubuhi, maleba yoyote yale ambayo wahusika wake wamevaa.