Kabla ya Kuniomba Pini, Niambie Nani Atabeba

Juzi usiku, saa ambayo watu wazima wamekwisha kulala, nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa kwetu anayeishi hapa Aurora, Colorado. Aliandika: "Shikamoo kaka. Mwaka huu nimekata shauri kuwinda wapiti. Nitumie pini ya sehemu nzuri." Hakuuliza habari ya msimu wala ya leseni ya kuwinda hao kulungu wakubwa wa Amerika Kaskazini, na hakutaka kujua kama mwaka jana nilipata kitu. Alitaka pini tu, ile alama ya mahali kwenye ramani ya simu, kama mtu anayeulizia harusi iko ukumbi gani.

Nilikasirika kuliko ilivyostahili, kwa sababu kijana huyu si wa kwanza. Maombi ya namna hii yameongezeka tangu watu waanze kutazama zile video ambamo mtu hupanda mlima alfajiri, dume hulia bondeni, mshale huruka, kisha picha hukatwa, na tunapomwona tena yuko uani kwake anageuza mishikaki. Baina ya mshale na mishikaki kuna siku mbili, wakati mwingine tatu, ambazo hakuna anayezionyesha. Mimi naamini kwamba siku hizo ndizo zinazopaswa kuamua mtu akawinde wapi, na kwamba anayechagua mahali kwa kuuliza wanyama wako wapi, bila kuuliza nyama itatokaje, bado hajachagua kitu.

Hebu tufanye hesabu. Dume mzima wa wapiti ana uzito wa kilo 320 hivi. (Jina hilo limetoka kwa Washawnee na maana yake ni matako meupe; mwanangu, aliyejifunzia Kiswahili jikoni, anaamini kwamba mmoja anaitwa mpiti.) Akishachunwa na kutolewa mifupa, hubaki nyama ya kilo 100, pengine pungufu kidogo ikiwa alikonda kwa kufukuzana na majike mwezi wa Septemba. Mtu wa kawaida hubeba kilo 30 mlimani bila kujivunja mgongo. Kwa hiyo ni safari nne, ya mwisho ikiwa na masalio, kichwa na hema. Ukiwa umempigia kilomita sita kutoka gari lilipo, utatoka na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu, jumla kilomita 42, yaani marathoni, tena kwenye mwinuko wa mita 3,000 ambako hata kufunga kamba za viatu kunamfanya mtu ahemee.

Mimi ni Mnyamwezi. Wazee wetu walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, ambazo ni kilo 32 hivi, kwa hiyo ningependa kudhani kwamba jambo hili liko damuni. Haliko. Wazee walilipwa, walikwenda kwa makundi, na walikuwa na ngoma. Mimi nilikuwa na simu iliyoishiwa chaji.

Yaliyonipata yalitokea katika mwaka wangu wa pili wa kuwinda hapa Colorado, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikuwa nimekaa na ramani miezi mingi, nikachagua bonde la mbali kabisa katika msitu wa taifa, kwa hoja kwamba watu wavivu hawatafika huko. Hawakufika kweli. Siku ya tatu ya msimu wa mishale nilimpata dume saa kumi na moja jioni, nikapiga magoti kando yake, nikashukuru, kisha nikatazama nilikotoka, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipokumbuka swali la mjomba wangu wa Urambo.

Mjomba alikuwa na gobore na leseni, na kabla ya kutoka nyumbani alikuwa na swali moja: "Nani atabeba?" Nilipokuwa mdogo nililiona swali la kipuuzi, kwa sababu kule pofu akianguka, ambaye ni mkubwa kuliko wapiti, habari hufika kijijini kabla mvuke haujaisha kwenye damu, na saa mbili baadaye kuna vikapu, visu, watoto, mbwa, na mzee mmoja ambaye hakuna aliyemwalika lakini fungu lake linajulikana. Kubeba halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kubakiza. Lakini mjomba aliuliza kila mara, hata alipokuwa anafuata kanga, na siku jibu likiwa "wengi wamekwenda kuvuna tumbaku" aliitundika bunduki akaenda kunywa uji.

Pale bondeni jibu lilikuwa mimi. Nilichuna hadi saa sita za usiku kwa taa ya kichwani, nikatundika mapaja na mikono kwenye miti, ndani ya mifuko ya kitambaa chepesi, nikabeba sarara na minofu ya shingo nikatoka. Kesho yake jua lilikuwa kali kuliko nilivyotarajia. Paja la wapiti ni nene sana, na mimi kwa haraka nilikuwa nimeliacha na mfupa wake, bila kujua kwamba joto hujificha kwenye kiungo cha nyonga hata nje kukiwa na baridi ya asubuhi. Nilipofika kulichukua paja la mwisho, siku ya pili jioni, kwa nje lilikuwa zuri, limekauka ngozi nyembamba ya kung'aa kama inavyotakiwa. Nilipopitisha kisu hadi mfupani ikatoka harufu tamu, nzito, kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye gari, na nyama iliyouzunguka mfupa ilikuwa na rangi ya kijani kibichi. Nilikata, nikanusa, nikakata tena. Nilichookoa kwenye paja lile kingejaa sufuria moja.

Sheria ya Colorado inamtaka mwindaji asiache nyama inayolika iharibike, lakini sikuwaza sheria usiku ule. Niliwaza kwamba nimemwua mnyama wa ukubwa wa ng'ombe ili nijivunie umbali.

Tangu hapo ninachagua mahali kinyumenyume. Siifungui ramani kwenye kilele, naifungua kwenye lango la barabara, na kutoka hapo napima kilomita tatu, zisizidi, kisha natazama mistari ya mwinuko. Nataka kupanda nikiwa mtupu na kushuka nikiwa na mzigo. Bonde linalonishusha asubuhi na kunipandisha jioni silitaki hata likijaa wapiti kama kumbikumbi. Natafuta kijito na mteremko unaotazama kaskazini, kwa kuwa huko kuna kivuli na nyama itapoa. Natazama pia kama eneo limetengwa kisheria kuwa nyika, kwa maana humo gari haliingii, na wala toroli ya magurudumu mawili ya kuvutia nyama hairuhusiwi. Kama ni la namna hiyo, mwenye farasi awe amekwisha kupigiwa simu na kukubaliana bei kabla ya msimu, si baada ya damu kumwagika.

Ramani nayo hudanganya. Chukua Flat Tops, milima ya kaskazini-magharibi mwa Colorado, ambako kila mgeni hukimbilia kwa sababu kundi la wapiti la White River ndilo kubwa kuliko yote katika jimbo. Kwenye skrini kuna uwanda uliolala vizuri, kilomita mbili tu kutoka kwenye njia. Skrini haikuambii kwamba wadudu waliua misonobari ya milima ile katika miaka ya 1940, wala kwamba moto wa Big Fish wa 2002 ulipita karibu na ziwa la huko, Trappers Lake, na kwamba miti iliyokufa huanguka mmoja juu ya mwingine hadi kiunoni. Kilomita moja ya kuruka magogo ukiwa na paja mgongoni ni sawa na tano za njia safi. Ndiyo maana mahali pa kuwinda huchaguliwa mwezi wa Julai, kwa miguu, ukiwa na mawe kwenye begi. Hiyo ndiyo pini.

Najua nitakachojibiwa, na nitakikubali kwa shingo upande. Ni kweli kwamba wapiti huzikimbia barabara. Watafiti wa msitu wa majaribio wa Starkey, kule Oregon, wamekuwa wakiwafuatilia tangu 1989, na wameonyesha kwamba magari, pikipiki za magurudumu manne, baiskeli na hata watembea kwa miguu huwasogeza. Anayekwenda mbali ataona wanyama wengi kuliko mimi. Lakini wapiti anamkimbia mtu, hapimi kilomita, na nimewakuta mara mbili kwenye korongo baya lililo chini ya barabara kuu, mahali ambapo malori yanasikika, kwa sababu kila mwenye begi jipya alikuwa ameliruka akielekea kwenye bonde la kwenye video.

Mengine ni ya kupita. Takwimu za mafanikio za kila kitalu zisome, lakini zinahesabu mizoga, hazihesabu migongo. Pointi za bahati nasibu ya leseni zikusanye kama una subira, na kama hukai Colorado ujue kwamba tangu 2025 leseni ya wapiti kwa mishale ya kununua tu dukani imekwisha kwako karibu kote milimani. Wyoming, mgeni haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa ndani ya nyika iliyotengwa bila kiongozi au mwenyeji wa jimbo. Na ile kesi ya wawindaji wanne wa Missouri waliotumia ngazi kuvuka kutoka kipande kimoja cha ardhi ya umma hadi kingine, penye kona inayogusana na ardhi ya tajiri, karibu na Elk Mountain huko huko Wyoming, ilifika mahakama ya rufaa, ambayo mwaka 2025 iliwapa haki, na Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuigusa hukumu hiyo. Nilifurahi kama vile ngazi ilikuwa yangu. Mtu aliyetoka mahali ambapo kitalu hukodishwa kwa kampuni, na mwanakijiji hukitazama akiwa nje ya mpaka, haoni kuwa jambo dogo kwamba fundi bomba mwenye leseni anaweza kuingia katika msitu wa taifa bila kumwomba tajiri yeyote. Ardhi ile ni ya kila mtu, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna atakayekuja na kikapu.

Kijana sikumtumia pini. Nilimwandikia anunue mifuko miwili ya basmati ya kilo 18, aifunge mgongoni, na apande nayo ngazi za jengo lake lenye ghorofa sita, mara nne, akipumzika anapotaka. Siku tatu alikaa kimya, nikadhani nimempoteza. Jana akanitumia picha ya mfuko mmoja wa mchele ukiwa umeegemezwa ukutani ghorofa ya tatu, na chini yake ameuliza: "Kaka, barabara inaishia wapi?"